Saiklameni ikiisha maua usiitupe: ninavyoilaza, ninavyoiamsha na ninachomwambia mteja

Leo tuongee saiklameni, na hasa ule wakati ambao wengi wetu hatupendi kuuongelea: maua yameisha, majani yanageuka manjano, na mteja ameanza kukuandikia.

Kwa ambao hawajawahi kuuza mmea huu, ni ule wa chungu kidogo unaojaa kwenye maduka ya Ulaya kuanzia Septemba mpaka Machi. Majani yake yana umbo la moyo na michoro ya rangi ya fedha, petali zimegeukia juu kama kipepeo anayetaka kuruka. Kuna nyekundu, nyeupe, waridi, zambarau. Chini kuna kiazi cha mviringo, bapa kidogo, na hicho kiazi ndicho habari yenyewe ya leo.

Mimi nauza mimea ya vyungu kwa mtandao hapa Reading, Uingereza. Sina kitalu wala duka. Nina banda la mbao nyuma ya nyumba, rafu tatu, simu moja, na gari la mume wangu siku asiyo na zamu. Wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wa huku, pamoja na majirani zao Waingereza walioletwa na hao hao.

Ikifika Aprili simu inaanza. "Dada, ua limekufa." "Da, si ulisema litakaa?" Mwingine hasemi kitu, anatuma picha tu ya chungu chenye majani matatu yaliyolegea, halafu anakaa kimya akikusubiri. Hapo muuzaji asiyejua anarudisha pesa ya mmea usio na tatizo lolote, au anabishana na mteja na kumpoteza. Na wakati huohuo mzigo wake mwenyewe uliobaki rafuni unapoteza rangi, anaubeba trei kwa trei mpaka kwenye pipa la taka.

Jamani, ile siyo maiti. Ule mmea umelala.

Kwa nini unalala

Saiklameni za vyungu zimetokana na aina moja inayoitwa kitaalamu Cyclamen persicum. Jina linataja Uajemi, lakini kwao hasa ni nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania: visiwa vya Ugiriki, Kupro, Uturuki, Syria, Lebanoni, Palestina, Israeli, Jordan, halafu tena kidogo Tunisia na Algeria. Huko mvua inanyesha majira ya baridi. Kiangazi ni jua na ukame, mwezi baada ya mwezi, hakuna tone. Kwa hiyo huu mmea umezoea kufungua duka wakati wa mvua na kufunga wakati wa ukame. Unaangusha majani yote, unabaki kiazi chini ya ardhi au katikati ya mawe, unasubiri. Mtu wa Dodoma aliyezoea kuona mbuyu ukipukutika majani kiangazi hana haja ya kufundishwa somo hili.

Tena ana ndugu yake kwetu Pembe ya Afrika. Milima ya kaskazini mashariki mwa Somalia ina saiklameni yake, Cyclamen somalense, iliyoandikwa kisayansi mwaka 1989 na Mats Thulin na Ahmed Mumin Warfa. Hiyo haiuzwi na msiitafute, ila nikiwaambia wateja wangu Wasomali kwamba ua hili lina ukoo kwao, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Sasa ndani ya nyumba ya mteja nini kinaupeleka usingizini? Joto na siku kuwa ndefu. Saiklameni inapenda nyuzi 10 mpaka 15 hivi za Selsiasi. Sebule ya huku baridi ikipamba moto inawashwa hita mpaka 21 au 22, watu wanakaa na fulana. Kwa joto hilo mmea unaamini kiangazi kimefika.

Ndiyo maana mteja akiniandikia, swali langu la kwanza ni tarehe. Majani yakiwa manjano mwezi wa Desemba, huo siyo usingizi wa kawaida. Chungu kiko juu ya hita au kinazama maji, na dawa ni kukihamishia dirisha la chumba chenye ubaridi na kuacha udongo upumue. Majani yakiwa manjano Aprili au Mei baada ya maua kwisha, hapo mmea unafanya kazi yake. Picha mbili zinafanana, majibu mawili tofauti. Ukijibu bila kuuliza mwezi unabahatisha.

Kuulaza

Maua ya mwisho yakinyauka, usikate kwa mkasi. Shika kikonyo chini kabisa kinapotokea kwenye kiazi, zungusha kidogo, vuta. Kinatoka chote. Ukikata unabakiza kishina, kishina kinaoza, ukungu wa kijivu unaingilia hapo hapo na kushuka kwenye kiazi. Jani la manjano linatoka hivyo hivyo. Vile vidude vya mviringo vinavyobaki ua likidondoka ni vifuko vya mbegu, viondoe pia kama huna mpango wa mbegu, vinanyonya nguvu.

Halafu linakuja jambo ambalo watu wengi wanalivuruga. Maua yameisha leo, kesho wanaacha kumwagilia. Hapana. Majani yakiwa bado mabichi mmea unakula na kuweka akiba kwenye kiazi. Hiyo ndiyo mtaji wa mwaka ujao. Endelea kumwagilia kama kawaida, hata mbolea nyepesi mara moja au mbili. Majani yakianza yenyewe kugeuka, nusu ya mmea ikishakuwa manjano, ndipo unapunguza maji polepole. Jani la mwisho likidondoka unaacha.

Pa kuviweka: penye ubaridi, kivuli, pakavu, hewa inapita. Mimi vyungu nalaza ubavu kwenye rafu ya chini ya banda, mdomo ukiangalia pembeni, ili hata paa likivuja maji yasitulie juu ya kiazi. Mwenye nyumba ya ghorofa anaweza kuweka chini ya ngazi au kwenye stoo. Nje pia panafaa majira ya joto, mradi mvua isifike.

Na jamani, bandikeni lebo. Kiazi cha ua jeupe na cha ua jekundu havina tofauti hata ukiviangalia kwa miwani. Naandika rangi, tarehe ya jani la mwisho, na nilikuchukua wapi. Muuzaji asiye na lebo mwezi wa Agosti ana mzigo wa "rangi mchanganyiko", na rangi mchanganyiko huku inauzwa kwa bei ya chini.

Kila baada ya wiki tatu hivi napita na kidole gumba. Kiazi kigumu kama kiazi mviringo kibichi: kizima, kiache. Kimeanza kukunjamana kidogo: vijiko viwili vya maji pembeni ya chungu, usimwage juu yake. Kinabonyea, kinatoa maji au harufu: kimekufa, kitupe pamoja na udongo wake. Mapumziko yote ni miezi miwili mpaka mitatu.

Hapo kwenye kidole gumba niwape kisa kimoja, kwa sababu kilinifundisha jinsi ya kuongea na wateja kuliko semina yoyote.

Kuna mama mmoja wa Mombasa anakaa Slough. Desemba ile mumewe ndiye aliyeweka oda, saiklameni nyekundu, nikaipeleka mwenyewe. Mzee akaishika chungu, akaniuliza, "Hili linadumu, binti?" Nikamwambia linadumu miaka likitunzwa. Akaliweka dirisha la jikoni. Januari mzee akafariki.

Mwezi wa nne nikapata ujumbe wa sauti. "Mwanangu, lile ua alilolinunua mzee limekufa."

Nikampigia. "Shikamoo mama. Pole sana. Mimi nitakuletea jingine, usilipe kitu."

"Marahaba. Jingine silitaki, mwanangu. Nalitaka lile lile."

Binti yake alikuwa ameshamwambia alitupe. Nikamwomba abonyeze kiazi kwa gumba aniambie. Akasema upande mmoja ni mgumu, upande mwingine unabonyea. Nikamuuliza analinywesha vipi. "Kila alfajiri nikisha kusali," akasema. Kila siku, kikombe kizima, tangu mzee atoke duniani. Udongo ulikuwa tope.

Alikuwa bado kwenye eda, hatoki, kwa hiyo nilimfuata mimi. Tulikitoa kiazi mezani juu ya gazeti, tukaondoa udongo wote, nikakwangua sehemu iliyooza kwa kisu safi mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe ngumu. Karibu theluthi yake ilikwenda. Tukakiacha wazi siku mbili kikauke jeraha, akakirudisha kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga, akakiweka chini ya ngazi. Nikamwambia wazi: mama, hili ni nusu kwa nusu, na pengine chini ya nusu. Akasema sawa.

Mei, Juni, Julai, kila Ijumaa ananitumia picha ya kiazi kikavu. Ni picha ile ile. Agosti mwishoni tukabadilisha udongo tukaanza maji. Septemba kimya. Viazi vyangu bandani vilikuwa vimeshachipua vyote vya kuchipua, chake kimekaa tu. Tarehe 9 Oktoba ikaja picha yenye kijani, jani dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Maua yalitoka Februari, mawili. Nikamwambia yakinyauka ayavute yote asiache yatoe mbegu, maana kiazi bado kinajijaza. Hakuyavuta. Sasa hivi ana mbegu kwenye bahasha ndani ya kabati la vyombo na ananiuliza apande lini.

Kumrudishia pesa kungenichukua dakika moja. Lakini mama yule hakuwa na shida ya pesa yangu. Nilichotakiwa kumpa ni maelezo, na maelezo hayo alitakiwa ayapate Machi kabla ya kikombe cha kila alfajiri, wala siyo Aprili. Tangu hapo kila anayenunua anaandikiwa mapema. Nitawapa maneno yenyewe mbele.

Kuuamsha

Kwa huku naanza mwishoni mwa Julai au Agosti, usiku ukianza kupoa, au mapema zaidi nikiona ncha ndogo zinachungulia juu ya kiazi. Ukiona ncha, usisubiri kalenda.

Toa kiazi, pukutisha udongo wa zamani, kagua chini na pembeni. Chungu kipya kiwe kikubwa kwa sentimita mbili tu kuliko cha zamani. Ukikiweka kwenye chungu kikubwa, maji yanakaa mahali ambapo mizizi haijafika. Udongo uwe mwepesi, wa mboji, uliochanganywa na mchanga wa chenga kubwa upitishe maji. Kiazi kizike nusu, nusu ya juu ibaki nje inaona hewa. Usijue juu ni wapi? Tafuta mahali penye makovu ya vikonyo vya zamani, huko ndiko juu. Na usijaribu kukigawa vipande ili upate mimea miwili kama unavyofanya kwa migomba. Hiki kiazi hakizai watoto, ukikikata unapata vipande viwili vya kutupa. Mimea mipya inatokana na mbegu.

Maji mwanzoni ni kidogo, udongo uwe na unyevu tu. Mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Majani yanakuja wiki ya tatu, ya sita, mengine yanachelewa kama mlivyosikia. Yakishajaa, nenda kwenye umwagiliaji wa chini: weka chungu kwenye bakuli lenye maji dakika 10 au 15, toa, kiache kichuruzike kabisa. Maji yasituame kwenye kitovu cha mmea. Mbolea tafuta yenye potashi nyingi na naitrojeni kidogo, ile ya nyanya inafaa, kila wiki mbili. Naitrojeni ikizidi unapata majani mapana yanayopendeza na maua ya kuhesabu.

Maua yatafika kati ya Desemba na Februari. Mmea wa mwaka wa pili hauna umbo la duara lililopangwa kama ule wa kitaluni. Unakuwa na tabia yake. Kuna wateja wanaupenda hivyo, na kuna wasioupenda.

Wakati wa kubadilisha udongo ndio wa kukagua wadudu. Anayeniumiza mimi ni fukusi, yule mweusi mwenye mdomo mfupi anayetembea usiku. Yeye anakula pembe za majani tu, ila mabuu yake meupe yenye kichwa cha kahawia, yamejikunja kama herufi C, yanakula mizizi na kiazi chini kwa chini. Mmea unalegea ghafla ingawa udongo una maji. Ukiuinua unatoka mkononi bila mizizi. Ukikuta buu moja, mwaga udongo wa trei nzima ukague kila chungu. Ugonjwa wa kuogopa ni fuzari. Majani yanageuka manjano upande mmoja wakati wa msimu, na ukikipasua kiazi unakuta ndani mishipa ya rangi nyekundu ya kahawia. Hauna dawa. Tupa mmea, tupa udongo, osha chungu kwa dawa ya kuua vijidudu. Usijaribu kukwangua kama tulivyofanya Slough. Kule ilikuwa uozo wa maji, haya ni mambo mawili tofauti.

Je, inalipa?

Tuseme ukweli wa daftari. Msimu uliopita nilichukua kwa mkulima wa jumla vyungu 30 vya mwisho wa msimu, peni 50 kila kimoja, yaani pauni 15. Udongo na vyungu vipya pauni 12. Viliamka 21. Vilivyopendeza kiasi cha kuuzwa ni 17, nikauza pauni 6 kimoja, mteja akilipia usafirishaji. Ni pauni 102, toa 27, inabaki 75. Kwa rafu moja niliyoibana miezi sita na vidole vyangu vya gumba. Hakuna mtu atakayejenga Kigamboni kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo simwambii mtu anunue viazi mia moja alaze. Ninachosema ni kwamba zile zako zilizobaki, ambazo tayari umezilipia, usizipeleke kwenye pipa. Na zile za wateja ndizo zenye maana zaidi. Mteja ambaye saiklameni yake imeamka mwezi wa tisa anakutumia picha bila kuombwa, anaiweka kwa marafiki zake, na Desemba ananunua mbili za zawadi. Katika wateja niliowauzia mara tatu na zaidi, karibu wote walianza kwa swali la "dada, limekufa?"

Mambo mawili ya uaminifu hapo. Usiuze kiazi kilicholala kwa picha ya maua ya mwaka jana. Mimi sitangazi mpaka majani matano yawe yamefunguka, na picha ni ya chungu hicho hicho, siku hiyo hiyo. Na sema kwamba ni mmea wa mwaka wa pili. Wapo wanaoutafuta kwa sababu hiyo, wameshachoka kununua kila mwaka.

La tatu, ambalo wauzaji wengi wanalikwepa kwa kuogopa kuharibu mauzo: saiklameni ina sumu, na sumu iko nyingi zaidi kwenye kiazi. Paka au mbwa akikitafuna anaumwa, akila kingi ni hatari kwa uhai wake. Mtoto mdogo naye asikiguse. Wakati wa kulala ndio kiazi kiko wazi, hakina majani, kimewekwa chini mahali ambapo paka anapita. Nawauliza wateja kama wana paka kabla sijapokea pesa. Nimepoteza oda kadhaa kwa swali hilo, na nitaendelea kuliuliza.

Karatasi

Kwa wa huku Uingereza: ukiuza mimea hai kibiashara kwa mtandao na kumtumia mteja kwa posta, kila mzigo unatakiwa uwe na pasi ya mimea, hata kama mteja ni mtu wa kawaida wa kuweka dirishani. England na Wales wanaosimamia ni APHA. Jisajili nao kabla hujatuma chungu cha kwanza. Ndiyo maana sinunui zile za punguzo la supamaketi kwa ajili ya kuuza tena kwa posta; hazina mlolongo wa karatasi nyuma yake. Zile nunua za kwako.

Kwa walioko Dar, Zanzibar na Mombasa, saiklameni siwashauri. Usiku wenu haupoi kiasi chake. Lushoto, Njombe, Limuru, kule mnakolala na blanketi mbili, inawezekana. Msimu wa joto kali hamna, kwa hiyo mtailaza kwa kuinyima maji wakati wa kiangazi. Ila somo la kulala linawahusu wote. Kaladiamu mnayouza Dar inapotea kabisa juu ya udongo na wateja wanaitupa, kumbe kiazi kipo. Gloksinia vivyo hivyo.

Na tafadhali, msiniombe niwatumie viazi kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Saiklameni zote ziko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu miaka mingi viazi vya porini vilichimbwa Uturuki na kuuzwa Ulaya. Zile za vyungu zilizozalishwa kitaluni zimesamehewa zikiwa na majani. Kiazi kilicholala hakijasamehewa, maana ofisa wa forodha akikishika mkononi hawezi kujua kimetoka kitaluni au mlimani. Juu ya kibali hicho kuna cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza, Kenya kwa KEPHIS, Tanzania kwa TPHPA. Mbegu ni njia nyepesi zaidi, ingawa nazo zinataka karatasi za afya ya mimea, na mpaka ua la kwanza ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Maneno ya kumtumia mteja

Huu hapa ujumbe wangu wa wiki ya kwanza ya Machi. Uchukueni, badilisheni mnavyotaka:

"Habari za siku. Saiklameni yako inakaribia kumaliza maua. Majani yataanza kuwa manjano, usishtuke, inajiandaa kulala. Vuta maua yaliyonyauka mpaka chini. Endelea kumwagilia kidogo wakati majani ni mabichi, yakikauka yote acha maji na uiweke mahali penye ubaridi na kivuli, mbali na watoto na paka. Usiitupe. Mwezi wa nane nitakuandikia tuiamshe."

Wa pili unatoka tarehe 15 Agosti:

"Tulikubaliana. Ibonyeze kwa gumba. Ikiwa ngumu, nitumie picha ya kiazi kwa karibu, nikuambie udongo gani na chungu saizi gani. Ikiwa laini, niambie pia, nitakupa punguzo kwenye mpya zikifika Septemba."

Punguzo ninalotoa ni pauni moja. Wale wa gumba laini hawanisumbui kudai zaidi, na wale wa gumba gumu wananunua kwangu mfuko wa udongo na chungu, ambavyo ndivyo nauza zaidi mwezi wa nane kuliko mimea yenyewe. Kwa hiyo agizeni udongo mapema, Julai, kabla hamjatuma ujumbe huo wa pili.